Kompyuta Tuliyoianika

Karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani kwangu, kando ya kalenda ya kanisa. Ilikuwa na mistari minane. Nilidhani ni vitu vya nyumba, kwa sababu msichana akifika umri ule akaanza kuandika orodha, mtu wa rika langu hufikiria sufuria. Nikavaa miwani, nikasoma. Sufuria haikuwepo. Mstari wa kwanza ulikuwa herufi na nambari zimefuatana kama nambari ya gari, na kando yake mjukuu wangu ameandika kwa kalamu nyekundu: hii kwanza.

"Hii kwanza ni nini?" nikamuuliza.

"Ni prosesa, shosho. Ndiyo akili ya kompyuta. Nikishaipata hiyo, zile saba zingine zinajipanga nyuma yake."

"Na kompyuta yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo hiyo kwa karatasi."

Huyu ni msichana wa pili wa binti yangu, na kwetu msichana wa pili hupewa jina la mama ya mama yake. Kwa hivyo ana jina langu, na tangu azaliwe namwita wajina. Yeye huniita shosho mbele za watu, na tukiwa wawili huniita wajina pia, hasa akitaka kitu. Tunaishi Kiuu, vyumba viwili na mahali pa kupikia, na kazi yangu iko hapo Githurai 45, ambapo nimeuza sweta na jaketi za mitumba tangu mama yake akiwa mgongoni. Mimi shule niliiachia darasa la nne. Yeye amesomea kuchora majengo katika chuo kimoja Thika, akamaliza, akarudi kwangu na cheti na vidole vyenye wino.

Kulikuwa na mhandisi mmoja, mama mwenye ofisi Membley. Alikuwa amemwambia wajina hivi: niletee mchoro mzima wa nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, kuanzia msingi mpaka paa, na picha ya nyumba hiyo ikiwa imesimama kama iliyokwisha kujengwa. Niletee Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Ikiwa nzuri, kuna meza hapa. Ikiwa si nzuri, wako wengine wawili nimewaambia maneno haya haya.

Wajina alijaribu kuichora kwenye saiba ya Ruiru mjini, ambapo alikuwa akifanya kibarua. Kompyuta za pale ni za kujaza fomu na kupiga chapa barua. Akifika kwenye paa, mashine inaganda, feni inalia, halafu kila kitu kinapotea. Mara tatu alijenga zile kuta na mara tatu zikapotea. Siku ya mara ya tatu alirudi nyumbani, akala ugali, akaosha sahani, akakata karatasi kwenye daftari na kuanza ile orodha. Sikumwona akilia. Mimi ningelia.

Pesa alikuwa nazo kidogo za kibarua, nami nikaongeza zangu, na hapo sina la kusema zaidi. Nilichotaka mimi ni twende dukani tununue kompyuta nzima, mpya, iliyofungwa kwenye katoni. Nikamwambia mtu haendi kujinunulia mkono wa sweta leo na kola kesho.

"Shosho," akasema, "ile nzima ya bei yetu ni ya kuandikia barua. Nikiwekea nyumba inakufa kama ya saiba. Na wewe, tangu lini unanunua kitu kwa sababu kimefungwa vizuri?"

Hapo alinishika. Mtu wa mitumba hulishuku kila robota lililofungwa. Robota likifunguliwa, zile nguo bora za kwanza kuokotwa tunaziita kamera, na zile za mwisho zinazobaki sakafuni tunaziita fagia. Vyote viwili vilikuja ndani ya kamba moja. Kazi yangu ya maisha ni kutenganisha kamera na fagia kabla mwingine hajatia mkono. Wajina alikua akilala juu ya yale marobota. Nilipomwona ameandika sehemu nane za kompyuta moja, na kila sehemu ameiandikia maswali ya kumuuliza mwenye duka, nilielewa. Alikuwa anaenda kufungua robota.

Tulienda Thika Jumamosi. Duka lilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hivyo ngazi yote inanuka dawa ya kupe. Mle ndani kompyuta za ex-UK, zile zilizotumika kwenye ofisi za Ulaya zikaletwa kwetu, zilikuwa zimepangwa hadi dari kama mawe ya ukuta. Mwenye duka alikuwa kijana mnene amevaa jaketi zuri, la kamera, nililiona mara moja. Alimwangalia wajina, akaniangalia mimi, akaamua kutuuzia taa.

"Mrembo, angalia hii," akasema, akawasha sanduku la kioo lililotoa rangi saba. "Hii ukiweka kwa nyumba hata majirani watajua."

"Majirani wanajua ya kutosha," wajina akasema. "Hiyo nyeusi pale chini ni ngapi?"

Ilikuwa sanduku la chuma, limekwaruzwa ubavu mmoja, sura ya kabati la ofisi ya chifu. Niliona aibu kidogo kwa niaba yetu. Lakini alilifungua, akatia mkono ndani, akapima nafasi kwa shibiri, akaangalia matundu ya hewa mbele na nyuma. Akaniambia hewa iingie hapa itokee pale, kama dirisha na mlango, la sivyo joto linabaki ndani. Lile la kioo halikuwa na dirisha. Lilikuwa zuri kama jeneza.

Prosesa ilikuwa kitu kidogo kuliko biskuti. Aliuliza nambari yake, akamulika kwa tochi ya simu, akasoma maandishi ambayo mimi sikuyaona hata kwa miwani, akalinganisha na daftari. Haikuwa yenyewe. Kijana akasema ni ndugu yake, hakuna tofauti. Wajina akasema tofauti ipo, ile ya daftari ina mikono sita na hii ina minne, na nyumba yake inahitaji mikono. Kijana akaenda nyuma, akakaa sana, akarudi na ile ya daftari. Baada ya hapo wajina akachagua lile bao la kijani ambalo vitu vyote hupachikwa juu yake, wao wanaliita madhabodi. Alikataa mawili. La kwanza halingeikubali hiyo prosesa, la pili lilikuwa na kidonda cha kuungua kando. La tatu lilikuwa chafu ajabu, vumbi lililoshikana na mafuta, na kwenye pembe moja mende aliyekufa zamani. Alilikubali.

"Hilo?" nikasema.

"Uchafu si ugonjwa, shosho."

Kijana akacheka. "Sasa wewe unanunua kompyuta ama unaposa?"

"Naposa," wajina akasema. "Ndio maana nimekuja na shosho."

Halafu akafanya jambo ambalo nitalikumbuka hadi nizikwe. Kulikuwa na visanduku viwili vya kuleta stima ndani ya mashine. Kimoja kipya, kinang'aa, kimeandikwa namba kubwa. Kingine kizee, rangi ya moshi, namba yake ndogo. Hakuvitazama sana. Alinipa vyote, kimoja kila mkono.

"Shika."

Nikashika. Kile kipya kilikuwa chepesi kama mkebe wa kakao uliokwisha. Kile kizee kilivuta mkono chini.

"Hiki kina nyama," nikasema.

"Basi ni hicho. Ndani ya hicho kingine wamepunguza shaba, wakaacha namba tu. Siku kikilipuka kinaenda na wenzake wote." Akamgeukia yule kijana. "Huyu hapa ameshika jaketi kwa mkono miaka yote hii kabla ya kuliangalia rangi. Hawezi kudanganywa uzito."

Sikuwa nimewahi kusifiwa mbele ya mwanamume mwenye duka. Nilijifanya natafuta leso.

Mwisho ikawa kadi ya picha, ile inayomfanya mtu aone nyumba imesimama kabla haijajengwa. Ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya pesa. Aliigeuza, akaipeleka puani akainusa, vile mimi hunusa jaketi kutafuta ukungu. Kisha akamwambia yule kijana aichomeke kwenye mashine yake na aiache ifanye kazi ngumu nusu saa, sisi tutangoja.

"Nusu saa?" kijana akasema. "Mathe, huyu mtoto wako ni askari?"

"Ni wajina wangu," nikasema. "Leta kiti."

Tulikaa. Dakika kama ishirini hivi skrini ikaanza kutoa mistari ya rangi, myekundu na myeusi, kama shuka ya Kimaasai. Wajina aliinyooshea kidole tu. Kijana akaichomoa akaiweka mbali, akaleta nyingine bila kuambiwa, na hiyo ikaenda nusu saa nzima bila kupepesa. Wakati wa kufunga mizigo alimwongezea wajina kichupa cha dawa ya kijivu ya kupaka kati ya prosesa na feni yake, bure, akamuuliza kama anatafuta kazi ya duka. Wajina akasema anangoja meza yake Membley.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Nyumbani kwangu kitu cha mtumba hakilali ndani kabla ya kuoshwa. Hiyo ni sheria tangu siku kunguni walipoingia na koti moja la manyoya wakakaa nasi mwaka mzima. Kinaoshwa, kinapigwa jua, ndipo kinaingia. Jumamosi hiyo nililegeza sheria kwa heshima. Lakini Jumapili, baada ya ibada, wajina alikwenda Ruiru kutafuta bisibisi ndogo na spiriti ya kupangusia, nami nikabaki peke yangu na yule mende. Alikuwa kwenye madhabodi, juu ya meza ninayolia chakula. Nikafikiri mtoto amechoka, acha nimsaidie.

Nilichukua karai, maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Nililisugua lile bao kama ninavyosugua kola. Mafuta yalitoka, vumbi likatoka, mende akaenda zake. Nikasuuza mara mbili. Ukweli ni kwamba lilipendeza, kijani cha sukuma wiki iliyonyeshewa. Nikalibana kwa vibanio viwili kwenye kamba ya nguo, kati ya petikoti yangu na sweta tatu za watoto, nikaweka chai jikoni.

Jirani yangu, mama mwenye saluni pale mbele ya ploti, ndiye aliyemwona wajina akiingia getini. Akamwambia kwa sauti ya kuchekesha, "Haiya, leo mmefua mpaka kompyuta?"

Nikatoka. Wajina alikuwa amesimama chini ya kamba, na tone la maji likaanguka kutoka pembe ya lile bao hadi kwenye kiatu chake. Alikuwa amebakisha siku nane. Pesa zilikuwa zimeisha. Nilijua hapo hapo, kwa uso wake, kwamba sikuwa nimefua, nilikuwa nimezamisha.

Hakunipigia kelele. Alitoa kibanio kimoja, kisha kingine, akalishika lile bao kwa kingo, mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Shosho. Ulitumia maji gani?"

"Ya kuoshea."

"Ya bomba ama ya tangi?"

Wasiotoka huku hawataelewa swali hilo. Maji ya bomba ya ploti yetu yanatoka kisimani, yana chumvi. Ukichemshia chai utajua, ukiosha dirisha litabaki na madoa meupe. Maji matamu ni ya kununua kwa mtungi, au ya mvua.

"Ya tangi," nikasema. "Ya mvua. Wewe umewahi kuona mimi nikifulia kitu kizuri maji ya chumvi? Hata sabuni haitoi povu."

Alikubali kwa kichwa, akaligeuza lile bao.

"Na hapa ulisugua?" Akaonyesha mahali prosesa hukaa.

"Palikuwa na kifuniko. Kilichofunikwa sikukigusa."

"Sawa," akasema. "Maji peke yake hayaliui hili bao, wajina. Kinachoua ni maji na stima pamoja, ama chumvi ikibaki. Hata ile betri yake ndogo nilikuwa nimeitoa jana. Sasa ni kukausha tu." Akaniita wajina. Hapo ndipo machozi yalinitoka, si mapema.

Kukausha tu, na ilikuwa Julai. Huku kwetu Julai ni gathano, baridi na manyunyu, jua linaonekana kama sahani nyuma ya pazia. Sweta nzito inachukua siku nne kukauka na bado kwapa linabaki bichi. Aliliosha lile bao tena kwa spiriti, akalikung'uta, halafu akaenda kwa mama wa saluni kumwomba kiti chenye ile kofia kubwa ya kukausha nywele. Mama yule alicheka hadi akashika ukuta, kisha akasema ndiyo. Basi Jumatatu na Jumanne, wakati hakuna wateja wengi, madhabodi yetu ilikaa saluni juu ya taulo, chini ya kofia, hewa imewekwa ya baridi, kando ya mwanamke mwenye rola kichwani aliyetaka kujua hiyo ni nywele ya aina gani.

"Ya kusuka," wajina akamwambia. "Nywele ya kompyuta."

Jumatano mimi nilisema imekauka. Niliipapasa, ilikuwa kavu. Nikamwambia iwashe, siku zinaisha.

"Shosho, sweta ikiwa kavu nje na mbichi kwapani, unaifunga kwenye mfuko?"

"Inaoza."

"Hii haiozi. Inaungua mara moja na basi."

Akaiweka juu ya gunia la mahindi, mahali pakavu kuliko pote nyumbani, akaacha Jumatano ipite, akaacha Alhamisi ipite. Na wakati ule wote hakukaa bure. Alichukua karatasi za kaki ninazofungia wateja, akazigundisha, akachora ile nyumba yote kwa penseli na rula, kila ukuta na kipimo chake, ili mashine ikiamka isimkute anafikiria. Mimi nimeishi na watu wengi. Sijaona mtu anayeweza kungoja namna hiyo huku kitu anachokitaka kiko pale, juu ya mahindi, kinamwangalia.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana alipanga vitu vyote vinane juu ya shuka safi. Aliniruhusu nimsaidie, na hilo pia nililihesabu kuwa msamaha. Nilichomeka vile vipande virefu vya kumbukumbu, anaviita ramu. Unasukuma hadi isikike *ta*. Mikono yake ilienda polepole, bisibisi haikuteleza hata mara moja. Aliipaka prosesa ile dawa ya kijivu kiasi cha punje ya harage, akafunga feni juu yake kwa kuzungusha pembe kwa pembe, mkono huu kisha ule, kama mtu anayekaza gurudumu. Akachomeka waya ukutani. Mama wa saluni alikuwa mlangoni na mteja wake mmoja.

Akabonyeza. Feni ikazunguka mara moja, ikasimama.

Mimi nilitazama mikono yangu, hii iliyoshika mswaki.

Wajina alichomoa waya. Akavitoa vile vipande vya ramu, vile nilivyochomeka mimi kwa fahari, akatazama, akapangusa midomo yao kwa kitambaa. Akarudisha kimoja tu, kwenye tundu la pili, akasukuma. *Ta.* Akarudisha waya, akabonyeza.

Feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka. Skrini ikawa nyeusi, kisha maandishi meupe yakatokea juu, mstari mmoja, mingine ikafuata. Wajina alikalia mikono yake yote miwili, kama anayeizuia isiguse kitu. Mama wa saluni akasema, "Imetoka saluni imependeza." Baadaye alirudisha na ramu ya pili, ikakubali.

Ijumaa hiyo, Jumamosi yote na Jumapili baada ya ibada, alijenga. Nilipeleka chai nikakuta kuta zimesimama. Nikapeleka uji, paa likawa limefunika, mabati ya kijani. Feni ilisikika kama mtu anayepumua usingizini, na hakuna kilichoganda. Alizungusha ile nyumba nikaiona mbele, kisha ubavu, kisha nyuma. Kule nyuma alikuwa ameweka tangi kubwa la maji ya mvua, mifereji inaingia ndani yake, na kando ya tangi kamba ya nguo.

"Hiyo kamba haiko kwenye karatasi ya kaki," nikasema.

"Nimeiongeza."

Jumatatu alikwenda Membley na michoro yake kwenye bomba la plastiki. Mimi nilifungua kibanda nikauza vibaya siku hiyo, niliwapa watu chenji isiyo yao. Saa kumi nikamwona anakuja katikati ya wauza nyanya, ameshika viatu vya visigino mkononi, amevaa ndala.

Nilimsogezea robota akae.

"Alizungusha nyumba yote," akasema. "Akafika nyuma, akauliza ni nani aliyenifunza kwamba nyumba ya Ruiru inaanza na tangi. Nikamwambia ni shosho, anafua."

"Halafu?"

"Naanza Jumatatu ijayo. Meza iko dirishani. Ameuliza kama nitaleta mashine yangu ama nitatumia yao."

"Ukasema nini?"

"Nikasema nitatumia yao. Yangu inabaki nyumbani na wewe."

Iko pale sasa, kando ya kitanda changu, sanduku jeusi lililokwaruzwa. Nimelishonea kifuniko kutoka jaketi moja zuri la bluu, kamera kabisa, ambalo ningeliuza. Ubavuni wajina amebandika karatasi yenye neno moja kwa kalamu nyekundu: USIOSHE. Gundi yake imeanza kuachia pembeni kwa sababu ya baridi. Jana nimeibandika upya.